Kata Koti Peke Yake

Kabla sijafumbua macho niliusikia mvumo. Ulianzia nyuma, upande wa madirisha, mwembamba kama wa mbu aliyepotea njia, ukadakwa na safu ya katikati, ukanenepa, ukapita juu ya kichwa changu, ukaenda kufia mbele karibu na meza ya msimamizi. Halafu ukaanza upya.

Nilikuwa nimefumba macho kwa sababu swali la saba lilinitaka nione nyuma ya jicho la mtu, na mimi vitu vya ndani huviona vizuri nikiwa gizani. Nilipoyafumbua niliwakuta wenzangu wa mwaka wa pili wa udaktari wameinamia karatasi, midomo wameifunga, kalamu zinakimbia, na pua zao zinaimba.

Zilikuwa zinaimba shairi langu.

Msimamizi siku hiyo alikuwa Profesa mwenyewe wa anatomia. Sisi tulimwita Wembe, kwanza kwa sababu ya umbo lake, pili kwa sababu ya ulimi. Aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti.

"Kuna mtu amekuja na mzinga wa nyuki?"

Kalamu zikasimama. Wembe akashuka kati ya madawati, viatu vyake vikigonga sakafu ko, ko, ko. Akachungulia chini ya kiti kimoja, akatazama dari, akarudi kukaa. Hazikupita dakika mbili pua zikaanza tena, safari hii kwa adabu. Wangefanyaje? Shairi lililokaa sawa kwenye mizani huwezi kulikumbuka nusu, na huwezi kulikumbuka bila sauti yake.

Nilivimba kifua mpaka kifungo kikalalamika. Watu arobaini na mmoja, wengine watoto wa madaktari bingwa, wengine wametoka shule zenye bwawa la kuogelea, wote wanajibu mtihani kwa kinywa changu, mimi niliyejifunza vina bila mwalimu, kwa kuhesabu vidole chini ya dawati! Pua moja tu ilikuwa kimya. Ilikuwa ya msichana tuliyemwita Rula, kwa sababu hakuna sentensi aliyowahi kuiandika asiipigie mstari. Nilipomwimbia shairi langu mara ya kwanza alinijibu, "Samahani kaka, kichwa changu si redio."

Nikamhurumia. Maskini, nikasema moyoni, atafeli na rula yake.

*

Shairi lilizaliwa wiki mbili kabla ya mtihani, katika chumba cha vielelezo. Ni chumba kirefu kilicho nyuma ya maabara, rafu mpaka juu, na kila rafu imejaa chupa za vioo zenye viungo vya watu waliokufa zamani, walioviacha kwa hiari. Harufu ya humo ukiipata saa mbili asubuhi, unalala nayo. Mwenye chumba hicho alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa mwendo, mkali wa macho, ambaye kila mwanafunzi tangu enzi za akina Wembe alimwita Mama Formalini, kwa jina la dawa ile ya kuhifadhia viungo. Hakusomea udaktari. Alianza kwa kuosha chupa, akaishia kujua kilichomo ndani yake kuliko walioandika vibandiko. Funguo zote alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, pamoja na ule wa kabati la chuma, ambamo Wembe alikuwa akifungia karatasi za mitihani kwa sababu haamini ofisi yoyote yenye kapeti. Mama alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na katika miaka yake ishirini na sita hakuwahi kupoteza hata kifuniko.

Nilimwendea kwa aibu. Wembe alikuwa amenisimamisha darasani nitaje tando zinazoifunika neva ya jicho, nami nikazitaja nne. Ziko tatu.

"Nne!" Mama alicheka mpaka mafunguo yakacheka naye. "Ya nne uliishona mwenyewe? Hebu kaa hapa, baba."

Akatoa kielelezo kwenye chupa, akakiweka juu ya sinia, jicho zima likiwa na mkia wake kwa nyuma, mnene kama ile kamba ya kiatu shingoni mwake.

"Neva zinazotoka kichwani ziko jozi kumi na mbili. Nyingi ni kama waya tu, zinapeleka habari na kurudisha. Hii ya jicho ni ya pili, nayo si waya. Huu ni ubongo wenyewe, umechoka kukaa gizani, ukatoa kidole nje uchungulie dunia. Sasa wewe, mtoto wako akitaka kutoka nje kwenye baridi, utamwacha aende uchi?"

"Nitamvika."

"Na ubongo ukamvika. Kila ulichokivaa wenyewe, na yeye akavaa." Akashika kibano, akaanza kuchambua ule mkia taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. "Hili la nje ni koti. Gumu, jeupe, liguse. Kama turubai, sivyo? Likifika kwenye jicho linaungana na ule weupe wa jicho, nguo moja hiyohiyo. Chini ya koti, shati. Tazama, jepesi kama utando wa buibui, unaona kidole changu upande wa pili. Na chini kabisa fulana, imembana mwenyewe, huitoi bila kutoka na nyama."

"Na yale maji ya ubongo yanapita wapi?"

"Kati ya shati na fulana. Umesikia? Shati na fulana. Koti na shati vimelaliana, hapana nafasi hapo. Kichwani presha ikipanda, maji yanasukumwa mpaka huku nyuma ya jicho, nguo zinavimba, neva inabanwa, mtu anaona ukungu, halafu haoni tena. Ndipo daktari wa macho anapokata kidirisha kwenye hizi nguo, maji yatoke, jicho lipone."

Nilihisi kichwani vitu vinajipanga. Nikageuza kibandiko cha chupa, nikaandika nyuma yake. Mistari mitatu ya kwanza ilikuja yenyewe, mguu mmoja nyuma ya mwingine, bila hata kuhesabu:

*Ubongo kwa mwana wake, alipomtuma mji,*
*Kamvisha nguo zake, tatu, wala hazichuji,*
*Koti, shati chini yake, fulana ni mbanaji,*

Wa nne ukagoma. Nilitaka kusema *kata koti, kata shati, papo utapata maji*. Mizani ilitosha, minane kwa minane. Lakini kina! Wake, zake, yake, halafu *shati*? Ni sawa na watu watatu wamevaa suti na wa nne kaja na taulo. Mimi kina changu hakijawahi kuchechemea, na sikuwa tayari kianze kuchechemea kwa ajili ya shati. Nikatafuna kalamu. Nikatembea mpaka kwenye rafu ya mapafu na kurudi. Kisha nikaandika:

*Kata koti peke yake, papo utapata maji.*

Nikamwimbia Mama. Aliitikia kwa kichwa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne kichwa kikasimama.

"Na shati?"

"Shati limo, Mama. Mstari wa tatu."

"Limo, lakini hujalikata."

"Mama, mshairi ana ruhusa yake. Anaweza kufupisha, anaweza kurefusha..."

"Anaweza na kumpofusha mtu?"

Nikacheka. Nilimwambia kila mtu anajua kwamba kuna shati, hakuna mjinga atakayelisahau. Nikabusu kibandiko, nikaondoka. Kufika jioni darasa zima lilikuwa linaimba. Kufika Jumapili mwaka wa kwanza nao walikuwa wanaimba, na wao jicho hawajalifikia bado.

*

Jumatatu baada ya mtihani Wembe aliingia darasani na karatasi zetu ameziweka juu ya sinia ya maabara, kama mtu aliyebeba kitu kilichooza.

"Swali la saba," alisema. "Mgonjwa presha ya kichwa imempanda, anapoteza uwezo wa kuona. Unakata kidirisha nyuma ya jicho. Unakata tando ngapi mpaka uyafikie maji? Swali jipya hilo. Nimelitunga mwenyewe Alhamisi, nikalipiga chapa mwenyewe, nikalifungia mwenyewe. Jibu ni mbili. Wa nje na wa kati. Nyie mmejibu moja." Akachukua karatasi. "Huyu anasema, 'Nitakata utando wa nje peke yake.' Huyu, 'peke yake.' Huyu, 'utando mgumu peke yake, na papo hapo maji yatapatikana.' Huyu amesahau kabisa yuko chuoni, ameandika 'koti.'" Akazidondosha moja baada ya nyingine. "Mgonjwa wangu ni mmoja. Mmempofusha mara arobaini na mbili."

Moyo wangu ukashuka ukakaa kwenye soksi. Nilitazama mbele, nikaona mgongo wa Rula umenyooka kama jina lake.

"Mtu mmoja akikosea, ni mjinga," Wembe aliendelea. "Watu arobaini na wawili wakikosea kosa moja, kwa maneno yaleyale, hao wamelishwa. Kuna aliyeliona swali langu kabla ya siku, akauza jibu, na kwa bahati yenu mbaya alikuwa bwege. Karatasi zilikuwa kwenye kabati la chuma. Kabati lina ufunguo mmoja." Akavua miwani. "Mwenye ufunguo ataurudisha keshokutwa saa sita, na barua yake itakwenda kwa mkuu wa chuo. Inaniuma kuliko inavyowauma nyie. Mama yule alinifundisha kushika kibano."

Alipotoka, darasa lililipuka kwa kunong'ona. Kiranja wetu akapanda juu ya kiti.

"Sikilizeni, jamani. Tunyamaze. Tutarudia mtihani, basi, yaishe. Mnataka tuseme nini? Kwamba tumefelishwa na wimbo? Tutachekwa mpaka tuzeeke."

"Na Mama?" Rula aliuliza.

"Mama ni mtu mzima, atajitetea."

"Kwa kusema nini?"

Kiranja akashuka kwenye kiti. Rula akageuka akanitazama mimi. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja mnyoofu chini ya hewa, kama vile mimi ndiye sentensi, akaondoka.

Nilikwenda chumba cha vielelezo Jumanne. Mama alikuwa anaandika vibandiko vipya vya chupa zote, moja moja, ili atakayekuja asihangaike. Kikombe chake cha chai kilikuwa tayari ndani ya mfuko.

"Mama, unajua ilivyokuwa."

"Nilijua palepale waliponisomea makosa yenu. 'Peke yake.' Nikasema, hee, huyu mwanangu huyu."

"Sasa mbona hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Mlinzi wa chupa ameshikwa, halafu anasema, si mimi, ni mwanafunzi wako kaimba? Nikisema mimi, nimesingizia. Ukisema wewe, umesema." Akalamba kibandiko, akakibandika. "Lakini sikulazimishi. Najua wewe na mistari yako. Mtu akigusa mstari wako ni kama amekugusa mboni."

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nikatoka bila kuaga. Mimi kukiri mbele ya Wembe kwamba shairi langu linasema uongo? Na uongo wenyewe kwa ajili ya kina? Afadhali ningekiri kwamba nimeiba kabati zima.

Basi nikatafuta ujanja.

*

Jumatano saa nne asubuhi nikabisha ofisini kwa Wembe. Alikuwa anaandika barua kwa mkono, na alikuwa ameshafika kwenye *wako mtiifu*.

"Profesa, swali halikuvuja. Nina ushahidi."

"Keti."

"Kuna shairi linazunguka chuoni. Linahusu neva ya jicho. Wote tuliimba hilo. Kosa limetoka humo."

"Shairi." Aliweka kalamu chini. "La nani?"

"Hajulikani," nikasema, uso mkavu kama biskuti. "La zamani. Mtunzi inasemekana alishakufa."

"Pole zake. Hebu liimbe."

Nikaimba. Ofisi ilikuwa ndogo, sauti ikakaa vizuri, na nakiri kwamba nilipofika *hazichuji* nilisahau kilichonileta. Wembe alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akapigapiga meza kwa kidole, nikamwona anahesabu.

"Sawa," akasema. "Linaingia kichwani na halitoki. Naona sasa vilevile nyuki walikotoka. Ila huyo marehemu alikuwa mpumbavu."

"Kwa lile kosa, ndiyo, Profesa."

"Si kosa tu. Hata utunzi wenyewe ni wa kubahatisha. Mtu aliyeokota maneno njiani."

"Kubahatisha?"

"Mistari imekwenda kombo. Ule wa tatu nadhani umepungua."

"Umepungua!" Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. "Mstari wa tatu? Fu-la-na-ni-m-ba-na-ji! Minane! Hesabu mwenyewe, Profesa, vidole unavyo! Mizani kumi na sita kila mstari, kina cha kati hakijayumba, kina cha mwisho hakijayumba, hata 'mji' nimeuhesabu *m* yake peke yake, wewe unasema kubahatisha? Unajua nilitembea mara ngapi mpaka kwenye rafu ya mapafu na kurudi kwa ajili ya huo mstari wa nne?"

Kidole changu cha nane kilikuwa bado hewani.

Wembe alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kuona meno yake kabla ya siku hiyo.

"Marehemu," akasema, "karibu tena duniani."

Nikakaa. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Hapo hapakuwa na mlango wa nyuma, nikaeleza yote, shati nililolitupa, Mama aliyeniuliza, nilivyomjibu kwamba mshairi ana ruhusa. Nilipofika kwenye ruhusa Wembe alifunika uso kwa mkono, mabega yakamtikisika.

"Njoo," alisema akichukua barua. "Si mimi ninayestahili kuambiwa haya."

*

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mfuko mapajani. Funguo zilikuwa juu ya meza, na kamba ya kiatu imezungushwa vizuri.

"Saa sita haijafika," akamwambia Wembe. "Lakini chukua."

"Subiri kwanza, Mama. Una jicho la ng'ombe?"

"Asubuhi yameletwa mawili, kutoka machinjioni."

"Tutie maji ya wino chini ya shati."

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaelewa. Akatoa jicho na mkia wake, akavuta kwa sindano wino wa buluu uliochanganywa na maji, akaipitisha chini ya ule utando mwembamba, akasukuma, na akafunga mwisho wa mkia kwa uzi. Mkia ukavimba kidogo nyuma ya jicho, kama shavu la mtoto mwenye pipi.

Wembe akanipa kisu. "Huyo ndiye mgonjwa. Haoni vizuri. Msaidie kwa shairi lako."

Nikakata koti. Lilikuwa gumu kweli, kisu kiliteleza mara mbili ndipo likakubali. Nikapanua kidirisha kwa kibano. Chini yake palikuwa na buluu inayoonekana, imetulia nyuma ya utando kama wino nyuma ya karatasi iliyolowa. Nikasubiri.

"Papo utapata nini?" Wembe aliuliza.

Hakuna hata tone.

"Imba kidogo, labda yatatoka," Mama akasema.

Sikuimba. Nilitazama ile buluu imekaa pale imefungiwa, na nikafikiria mtu halisi amelala mezani, amefunikwa uso, ananiamini, na mimi nimekunja mikono nimeridhika kwa kuwa kina kimekaa sawa. Nikagusa shati kwa ncha ya kisu. Halikuhitaji hata nguvu. Maji yaliruka mshale mmoja, yakapita juu ya mkono wangu, yakatua kwenye tai ya Wembe.

Tuliitazama tai wote watatu.

"Amepona," alisema Mama.

Wembe akaifuta kwa leso, ikazidi kuenea. Kisha akaichana barua vipande viwili, akaviweka juu ya sinia pembeni ya jicho, akamsogezea Mama funguo. "Nisamehe, Mama. Nilipaswa kuja kukuuliza kabla ya kuandika."

Mama hakuzigusa.

"Wewe nimekusamehe. Ila funguo sizichukui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu barua umeichana, wimbo bado. Uko kwenye vichwa arobaini na viwili, na sasa mwaka wa kwanza nao wanao, nawasikia koridoni. Miaka kumi ijayo mmoja wao atasimama juu ya mtu, ataimba kwa pua, atakata koti, atafunga. Na ulitoka humu ndani, umeandikwa nyuma ya kibandiko changu. Mimi siwezi kukaa na ufunguo wa chumba kilichozaa kitu hicho."

Wembe akanigeukia. "Swali la saba mtalirudia Ijumaa. Lakini karatasi naweza kusahihisha. Vichwa sina kalamu yake."

"Nitawaambia wasiimbe tena," nikasema.

"Mtu akiambiwa asiimbe ndiyo anaimba."

"Basi nitavunja kina." Nilijisikia kama mtu anayetaja bei ya figo yake. "Nitaweka *kata koti, kata shati*. Kichechemee."

"Kikichechemea wataruka, warudi kwenye ule mtamu," Wembe alisema. "Nimewasikia mtihanini. Kinachoshika ni kile kilichokaa sawa."

Nilijaribu *kata yote kwa ujumla wake*, ikazidi. Nilijaribu *kata nguo mbili zake*, ikatosha, lakini mbili zipi, mtu anaweza kukata shati na fulana akaikata neva yenyewe. Nilirudi mpaka rafu ya mapafu. Mama alikuwa anaosha sindano, mgongo ametugeuzia.

"Kata koti na mwenzake," akasema.

"Nini?"

"*Kata koti na mwenzake, papo utapata maji.* Si shati umeshalitaja juu yake? Mwenzake mwingine ni nani? Mnabishana nini watu wazima?"

Nikahesabu kwa vidole. Minane. Nikahesabu tena kuanzia kidole kidogo, huenda kidole gumba kilinidanganya. Minane. Na kina kimekaa, *wake, zake, yake, mwenzake*, kama kilikuwa kinasubiri mlangoni zaidi ya wiki mbili, mimi nimekifungia nje.

"Mama," nikasema, "umewahi kutunga?"

"Nitunge nini, mimi? Nimeosha chupa."

Wembe akakohoa. Alikuwa anacheka na kuficha, tai ya buluu inapanda na kushuka. Mimi sikuweza kucheka bado. Mstari uliokuwa umenishinda, mwingine ameutoa huku anaosha sindano, na mstari ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilitaka sana kuuchukua. Nilijua hata namna ya kuuchukua, ningeusogeza neno moja tu, ningesema nimeutengeneza, na hakuna ambaye angeuliza.

Mama alikausha mikono, akakaa, akaziangalia funguo.

"Utawaimbia?"

"Nitawaimbia."

"Na wakikuuliza ule wa kwanza uliharibiwa na nani, na huu umetengenezwa na nani?"

Alinitazama kwa yale macho yanayojua kila kilichomo ndani ya chupa. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, shubiri moja tu kutoka kwenye kamba ya kiatu, hausogei. Koridoni mtu wa mwaka wa kwanza alipita anavuma kwa pua.

Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti kubwa, ili na huyo wa koridoni asikie:

"Mama, Ijumaa, kabla ya mtihani, nitasimama mbele ya wote, na mwaka wa kwanza nitawaita. Nitawaambia mstari wa nne niliuharibu mimi, kwa kiburi, na uliponiuliza nilikucheka. Halafu nitauimba huu wako, na nitasema ni wako. Na kila nitakapouimba, popote, hata niwe bingwa mwenye tai tatu, nikifika hapo nitanyamaza kwanza nikutaje, hata mizani ikipotea."